Bata wa Harusi Yako

Beni, Jumapili, Machi 2001. Mwezi wa tano tangu nitoke Butembo.

Yaya Masika,

Habari ya nyumbani? Obwa, ile filimbi ndefu ninayopigia kanisani, ilibaki shuleni huko, mais kile kimwanzi chake cha kupulizia ninacho. Tukimaliza kupakia kakao, nakipuliza huku vidole vikitembea juu ya bua la papai, kama ndiyo obwa. Kinalia kama bata.

Jana mwanajeshi alisikia, akaja na sufuria. "Ndeko, ndugu yangu, bata iko wapi?"

Nikamwonyesha kimwanzi. Akacheka, akaketi juu ya gunia. "Basi, piga wimbo."

Nikapiga ule nitakaoupiga kwenye harusi yako.

"Ni wimbo gani ule?"

Hata mimi sikuutambua. Sijui ni vidole vimesahau, ama kimwanzi peke yake hakiwezi.

Nafasi yangu kanisani wasimpe mtu. Usinichinjie bata. Nitafika Ijumaa kabla ya harusi, nishike obwa yenyewe.

Mdogo wako, Paluku