Viazi vya Tuta la Mwisho

Tarehe 2, mwezi wa nne

Shikamoo dada,

Watoto hawajambo? Kikohozi cha mama kimepungua? Mimi mzima, ila msumari ulinichoma kidole, sasa kinapona. Usimwambie mama.

Dada, nina shida. Hapa karakana siku ya sikukuu kila mtu analeta chakula, tunakula pamoja kwenye meza ambayo haijapata mteja. Fundi mkuu analeta nyama. Mwaka jana mimi nilileta mkate, tena wa jana yake. Fundi wa vanishi akaugonga mezani, akauliza hii ni mbao gani. Wanacheka mpaka leo. Unanijua, mimi kumjibu mtu siwezi, nikicheka nao ndiyo nimemaliza.

Mwaka huu nimesema naleta viazi vitamu. Nimeshasema, siwezi kurudi nyuma. Vya sokoni huku ni nyuzi na maji tu. Nataka vya kwetu, vya lile tuta la mwisho karibu na ua. Najua mama hataki liguswe, anasema ni la mbegu. Lakini si yuko kwa mamdogo mpaka katikati ya mwezi? Chimba, rudishia udongo, funika na majani. Hatajua. Gunia mpe kondakta wa basi.

Mdogo wako


Tarehe 8, mwezi wa nne

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, watoto wanakusalimu, mkubwa kang'oka jino. Mama bado hajarudi.

Gunia nimempa kondakta mwenye kofia nyekundu. Umenitia dhambini wewe. Nilichimba asubuhi watoto wakiwa shule, utadhani naiba kwa jirani. Viazi vya namna ile sijawahi kuona, kimoja kilinishinda kushika kwa mkono mmoja. Kule chini jembe likagonga mawe, bapa, matatu, yamelala kwa mstari. Sijui ya nini shambani. Nikayang'oa, nikayatupa kando ya ua, nikaendelea.

Sasa sikiliza. Vichemshe na maganda yake, usivimenye kwanza, vitanyonya maji. Vimenye vikiwa vya moto, vumilia tu. Vikate vipande vinene, paka siagi na chumvi, banika mpaka vishike rangi. Sukari usitie, vinayo yao.

Dada yako


Tarehe 16, mwezi wa nne

Shikamoo dada,

Natumaini wote hamjambo. Mimi siku hizi natembea kifua mbele.

Nilifanya kama ulivyosema, vidole vimebabuka. Nilivibanika kwenye bati nyuma ya karakana, makaa ya vipande vya mbao. Nikaviweka mezani, nikasimama mlangoni niwaangalie. Mwanzo hakuna aliyegusa, wote macho kwenye nyama. Fundi wa vanishi akachukua kipande, akakigonga mezani kwanza, watu wakaangua kicheko. Akala. Akachukua cha pili, akavuta sahani upande wake, mwenzake akaivuta irudi. Watu kumi na mmoja, dada, nyama ilibaki, viazi viliisha. Yule wa vanishi alifuta sahani kwa kidole. Kumbe fundi mkuu alishaficha vipande viwili kwenye karatasi, vya mama yake mzazi. Akaniuliza mbele ya wote nimevitoa wapi. Nikajibu, "Kwetu." Neno moja tu, lakini nililisema kwa sauti.

Mdogo wako


Tarehe 21, mwezi wa nne

Mdogo wangu,

Salamu nitaandika siku nyingine.

Mama alirudi juzi. Hakuingia hata ndani. Aliona yale mawe kando ya ua, akatua mzigo, akaenda moja kwa moja kwenye tuta. Nilikuwa nimejiandaa kusingizia panya. Hakugomba. Alipiga magoti akawa anapapasa udongo kwa mikono. "Yalikuwa wapi? Nionyeshe yalikuwa wapi." Mimi sikumbuki. Nilichimba tuta zima.

Keti kwanza, haya mama kanieleza juzi palepale kwenye tuta. Mlizaliwa wawili, wewe na mwenzako, wa kiume. Yeye aliishi siku tisa. Baba alimzika pale mwenyewe, akachimba kwenda chini sana, mama akapanda viazi juu ili majani yafunike, asipite mtu na miguu yake. Mimi nilikuwa na miaka mitatu, walinipeleka kwa mamdogo. Wewe ulikuwa dhaifu, wakaogopa hata kumtaja. Miaka ikaenda, baba naye akafa, ikawa vigumu kuanza.

Nimemwambia mama jembe halikufika chini. Nadhani halikufika.

Ameuliza viazi viko wapi. Nimejifanya naita watoto.

Dada yako


Tarehe 13, mwezi wa tano

Shikamoo dada,

Poleni. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua nimeandika nikachana, sijui mara ngapi.

Ile yako niliisoma karakana nimesimama, nilidhani ni habari za meno ya watoto. Nikaisoma tena. Fundi mkuu akaniuliza kama nimefiwa. Nikasema ndiyo. Akauliza nani, nikashika randa nikaendelea na ubao.

Kwenye gunia vimebaki viwili. Vimechipua. Kula siwezi, kutupa siwezi, vipo tu chini ya kitanda.

Dada, mwambie mama ni mimi niliyekutuma. Mwambie yote, hata kwamba tulikula, hata kwamba tulicheka. Akisema nisikanyage tena hapo nyumbani, sitakanyaga.

Mdogo wako


Tarehe 19, mwezi wa tano

Mdogo wangu,

Marahaba. Sote wazima, na mama ameanza kula vizuri. Anasema uje. Mawe bado yako kando ya ua, hataki niyaguse, anakungoja wewe myapange.

Jana nilimsomea barua yako anachambua mchele. Nilipofika hapo mlipocheka, mkono ukasimama. Akauliza mlicheka nini. Nikamwambia ipo barua nyingine, ya sikukuu, nimeificha kwenye debe la unga. Akasema ilete.

Nikasoma. Walivyovutana sahani. Yule wa vanishi na kidole chake. Vipande viwili vya mama wa watu. Akasema rudia. Nikarudia. Akauliza tena, walikuwa wangapi? Kumi na mmoja, nikamwambia.

Alikaa na ungo mapajani, macho kwenye lile tuta. Kisha akasema, "Basi na yeye amelisha watu."

Dada yako