Tarehe Niliyoijaza

Jumatatu, 3 Machi
Surua imeingia mtaani. Watoto wanne leo, macho mekundu, mafua yanachuruzika. Benchi limejaa tangu asubuhi, miguu inaniwaka moto. Kuanzia miezi sita nachoma — ndiyo amri ya mlipuko. Wadogo zaidi nawarudisha. Mama mmoja akanijia juu: wangu ana mitano, nimpeleke wapi? Nikamwimbia wimbo uleule: bado ana kinga uliyompa tumboni, nikimchoma sasa kinga hiyo itaiua chanjo, kazi bure. Akaondoka ameridhika. Kwa maneno sijambo!
Mume wangu naye ana mitano. Mjukuu wangu, yule kibogoyo.

Jumatano, 5 Machi
Daktari katukalisha kutukumbusha. Eti si kila mama ana kinga ya kumgawia mtoto. Kama hakuchanjwa wala hakuugua surua, hana cha kutoa. Karani akatania: mfuko mtupu utatoa nini? Wakacheka wote.
Mimi nikahesabu miaka.
Miaka ishirini na mitatu iliyopita. Binti yangu ana miezi tisa, chanjo imekwisha kituoni, mkaguzi anakuja kesho. Mchomaji mzima, kadi ya mwanangu ina pengo? Aibu hiyo! Nikajaza tarehe. Nikasema ikija nitamchoma. Ikaja, nikachoma watoto wa watu. Halafu nikahamishwa, nikasahau.
Uongo. Sikusahau. Niliona haugui, nikanyamaza.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempigia binti nimwambie. Nikaishia kuuliza kama mtoto ananyonya. Ananimaliza, Mama! Halafu, kama mchezo: watoto wa mlango wa pili wana vipele, jana alikwenda kuwapa pole. Mtoto mgongoni! Nikamfokea. Akacheka — Mama nawe, si ulinichanja mwenyewe?
Nikakata simu. Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemchoma binti. Nikamdanganya ni amri mpya, wanaonyonyesha wote. Uongo juu ya uongo. Mume wangu akanishika kidole, hataki kuachia.
Kwake yeye sina kitu. Nilimuuliza daktari kana kwamba namuulizia mtu: miezi mitano, mama hana kinga, keshakaa na wagonjwa? Akasema tunasubiri tu.

Jumanne, 11 Machi
Hana homa.

Jumamosi, 15 Machi
Hana homa. Kanichekea kwa ufizi wake.

Jumatatu, 17 Machi
Ana homa. Moto! Binti kamleta kituoni. Macho yanatoka machozi, kikohozi kikavu. Vipele bado.
Naandika nikiwa chumba cha sindano, mlango nimeufunga. Nimewaambia nafuata matone ya vitamini. Chupa ninayo mkononi tangu nilipoingia.
Daktari alimuuliza binti: mama, wewe ulichanjwa surua? Akatoa kadi yake ya utotoni. Kaitunza miaka yote, ndani ya nailoni, haina hata mkunjo! Akasema kwa maringo, mama yangu ndiye aliyenichoma. Daktari akaisoma, akaniangalia, akatabasamu. Basi hapo hakuna surua, akasema. Mtoto mdogo, mama amechanjwa, haya ni mafua. Wasikae kwenye benchi na wagonjwa, warudi nyumbani.
Neno moja tu. Fungua mlango, bibi, useme. Atakuchukia? Akuchukie! Kazi itakwenda? Iende!
Mkono hauinuki.
Anakohoa, namsikia. Binti anagonga — Mama, daktari ameturuhusu, sisi tunakwenda.