Tunaanzia Juu

Tarehe 3 Mei

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zetu. Sisi hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu. Na wewe je? Mikono yako imepona mvuke wa mashine za kufulia? Hospitali kubwa kama hiyo haikosi mafuta ya kupaka. Waombe bila haya.

Nina habari ambayo hukuitarajia. Tangu tumzike mama yako, nyumba yetu iligeuka nyumba ya wapangaji. Mdogo wako Fundi alikula kibandani kwake katikati ya redio mbovu, Kitindamimba alikula kitandani, nami nilikula jikoni nimesimama kama mlinzi. Mama yako, ambaye hakuruhusu sufuria ifunuliwe mpaka sote tumekaa, angetutimua.

Kisha Fundi akaleta tamthilia ndani ya flashi. Ni habari za mzimu. Nilikataa. Nimewafundisha watoto wa watu maisha yangu yote kwamba mizimu ni uvivu wa kufikiri. Nikasema nitakaa kidogo tu, niuone upuuzi wenyewe. Chai ikapoa mkononi.

Mwanzoni nyumba ni tupu, na kijiko kinasogea chenyewe mezani. Sehemu iliyofuata, kivuli ukutani. Kisha sauti ya mwanamke inayowakemea watoto waache viatu mlangoni. Kila Jumamosi alasiri anazidi kuonekana! Sasa tunakula sebuleni sote, maana hakuna anayekubali kupitwa.

Shangazi yako alitukuta, akashika kiuno. "Kaka, udongo wa kaburi haujakauka, nawe unakaribisha mashetani?"

Nikamwambia, "Dada, kaa au funga mlango. Unatuziba."

Aliufunga kwa kishindo. Ameapa kukuandikia ili unikanye. Nakuarifu mapema: ukinikanya, sitasikia.

Baba yako

*

Tarehe 24 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Mikono inapona polepole. Mafuta nimepewa na wauguzi. Goti lifunge kitambaa cha moto, na usilidharau.

Shangazi ameniandikia kurasa tatu, na hakuna iliyopumua. Lakini sikuandikii kwa ajili yake. Tamthilia hiyo naijua. Wenzangu wa bwenini waliitazama, nami nilikaa nao mpaka nikashindwa.

Baba, mnaitazama kinyume! Kijiko kile ndio mwisho. Katika sehemu ya kwanza mama yule yu hai. Kisha anaugua, anazikwa, anarudi akiwa mzimu, na kila sehemu anafifia mpaka hakuna kinachobaki ila kijiko. Mimi niliondoka alipoanza kufifia; mwisho nilisimuliwa. Nani alishika rimoti?

Mwambie Fundi aipange, muanze upya. Au afadhali muiache kabisa. Hamuoni mnachokifanya? Mnamngoja mtu kwenye kioo cha runinga. Mimi hata kulifikiria jiko lile bila Mama siwezi. Ndiyo sababu sijaja, na tafadhali usiniulize tena.

Binti yako mkubwa

*

Tarehe 14 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Goti limefungwa kama ulivyoagiza, na linalalamika kama ulivyotabiri.

Rimoti niliishika mimi. Orodha ilijipanga kwenye kioo, kumbe sehemu ya mwisho ndiyo ya kwanza, nami nikaanzia juu, kwa sababu ukurasa husomwa kutoka juu. Siku ile ile Kitindamimba aliuliza, "Baba, mbona wanaagana kabla ya kusalimiana?" Nikamjibu kwamba hadithi nzuri haimwagi mtama wote mara moja.

Barua yako niliisoma kwa sauti wakati wa kula. Fundi alicheka mpaka akapaliwa. "Mwalimu mzima! Na sisi tuliokula viboko kwa kuruka kurasa, tumlilie nani?" Nikauliza kama tuanze upya, kwa mpangilio sahihi.

Kitindamimba akasukuma sahani. "Aanze anayetaka kumzika tena. Mimi simo."

Nimewapa watoto sifuri kwa kuvuruga mpangilio, na sijutii hata sifuri moja. Lakini hii hatuipangi. Tuliendelea. Tulipofika mazishini, Fundi akasema wamezika kifo chenyewe, na kweli, Jumamosi iliyofuata mama yule alikuwa kitandani, anaumwa, anaomba uji na kuusema kuwa mwepesi. Tulishangilia. Shangazi yako pia. Huja kutuchunga tusipotoke, kwa maneno yake, na ameshaleta mto wake wa kukalia.

Usinieleze kwamba wafu hawarudi. Jembe la kaburi lile nililishika kwa mikono hii. Simngoji mtu kwenye kioo. Nawatazama wanangu wakiwa chumba kimoja, na yeyote anayetaka kunizuia na aje anizuie.

Imebaki sehemu moja, ile ambayo yu hai. Hatuifungui. Sufuria haifunuliwi kabla wote hawajakaa, na wewe hujakaa. Umeniomba nisikuulize. Sikuulizi. Nakuambia.

Baba yako

*

Tarehe 2 Agosti

Mwanangu,

Sijui hali yako, maana umenyamaza. Sisi tu wazima.

Jumamosi zinapita. Tunakula, kioo kimezimwa, tunakitazama. Jana Shangazi yako alipasuka: "Watu wazima mnangoja ruhusa ya mfuaji nguo aliye ng'ambo! Wekeni tuone!"

Nikamwambia, "Dada, ngoja nasi au funga mlango."

Hakuufunga.

Baba yako

*

Tarehe 19 Agosti

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mikono imepona. Moyo ndio uliochelewa.

Barua yako ya Juni ilinikasirisha. Niliiweka mfukoni mwa aproni ili niijibu kwa ukali, na kila nilipoitoa, ukali ulikuwa umepungua. Mwishowe ikafuliwa pamoja na mashuka ya wodi nzima. Imebaki donge. Haidhuru, nilikwisha kuikariri.

Leo asubuhi nilimwendea msimamizi. Wakati wa msiba aliniambia kwamba mashuka hayangoji, nami nikarudi kwenye mashine, nikawaacha mzike peke yenu. Leo amerudia maneno yale yale bila kuinua macho. Nikamwambia, "Sikuja kuomba. Nimekuja kukuarifu. Safari hii yatangoja."

Akasema, "Ukirudi, huenda usiikute kazi."

Nikamwambia, "Na nisipokwenda, kwetu nitamkuta nani?"

Hapo ndipo alipoinua macho. Nilikwisha kuivua aproni.

Nitaingia kwa mlango wa jikoni. Asitangulie mtu kuondoa chochote kwa kunihurumia. Mwiko wa Mama ubaki pale alipouacha. Nitalia, na Shangazi asinibembeleze. Kisha nitakaa karibu naye tugombee mto. Rimoti nitaishika mimi, Baba, na usithubutu kunielekeza.

Usijibu. Barua yako haitanikuta huku.

Msifunue sufuria.

Binti yako mkubwa