Jedwali la Mto Mkondoa

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Kilosa, 12 Aprili 1973, saa tatu na robo asubuhi

Jina: Yudith Chilongola
Umri: Miaka 27
Kazi: Mwandishi wa programu za kompyuta, ofisi ya serikali
Makazi: Ilala, Dar es Salaam, kwa sasa nimefikia Magomeni, Kilosa

Nimeonywa niseme kweli, nami nasema nikijua inaweza kunifunga.

Mwezi Februari nilitengeneza jedwali la mafuriko kwa kompyuta ya ofisi yetu. Nguzo ya kupimia maji ya Mkondoa bado ina alama za futi, kwa hiyo jedwali hugeuza futi kuwa mita, kisha huandika SALAMA au HAMENI. Hatari huanza mita tatu na nusu.

Mnamo tarehe 10 Aprili, saa moja na nusu asubuhi, nilifika kijiji cha ujamaa cha Tumaini, bondeni upande wa Kimamba, kuona jedwali linavyotumika. Mvua ilikuwa imepiga milimani siku tatu. Msoma kipimo, Mzee Kornelio, alikuwa anatoka mtoni, suruali imelowa hadi mapajani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Futi kumi na mbili na nusu. Karatasi yako inasema salama, ila mto huu mimi siuamini."

Nilishuka nikaitazama nguzo mwenyewe. Alisoma sawasawa. Kwenye karatasi, mbele ya 12.5 paliandikwa mita 3. Nikapiga hesabu kwa kalamu kiganjani: mita 3.81. Nikatazama futi kumi: mita 3. Futi kumi na tatu: mita 3.

Kosa nililijua hapo hapo. Kipimo cha mita nilikipa jina MAJI, nikafurahi kuandika Kiswahili ndani ya mashine. Lakini katika FORTRAN, lugha niliyoandikia programu hiyo, jina linaloanza na herufi yoyote kuanzia I hadi N, usipotamka vinginevyo, hubeba namba nzima tu. Kilicho baada ya nukta mashine hukitupa, wala haikuambii.

Nilimweleza katibu wa kijiji, Ndugu Lupakisyo. Akasema, "Karatasi ya serikali imekosea? Unajua hiyo inaitwaje, ndugu? Hujuma."

Niliogopa. Nakiri nilikaa barazani kwake kimya kama dakika ishirini, nikiwafikiria mama yangu na jela. Aliyevunja kimya ni Mzee Kornelio: alianza kugonga kipande cha reli kinachotumika kama kengele. Ndipo nami nikatoka nikipiga kelele, "Hameni! Maji!" Watu wakakimbilia kwenye tuta la reli, wamebeba watoto na vyungu.

Saa tatu maji yaliingia safu ya kwanza ya nyumba. Bibi Paulina, aliyekuwa kitandani na homa, hakuna aliyemkumbuka. Alipatikana alasiri katika shamba la katani, amefariki.

Jana niliambiwa Mzee Kornelio yuko mahabusu kwa madai kwamba alisoma vibaya. Si kweli. Kosa la jedwali ni langu. Dakika ishirini zile ni zangu.

Niliyoyaona na niliyoyatenda ndiyo hayo, sina la kupunguza.

Sahihi: Y. Chilongola

Maelezo ya mwandikaji: Nimemsomea shahidi, amekubali ni sahihi. Ameuliza mara mbili kama Kornelio ataachiwa leo. Habari zake mwenyewe hakuuliza. Nimemwelekeza asitoke kituoni.

Koplo Damiano