Rufaa ya Ellis

Leeds,
Jumapili

Dada yangu Glenys,

Pokea salamu zangu nyingi, na natumaini wewe na shemeji Trevor mmeamka salama hapo Aldersyke. Mimi mzima, ila goti linanisumbua na nimechoka, dada. Nimechoka hata nikilala naamka vilevile. Nimeona nikuandikie kwa kuwa simu hupokei ya mtu yeyote tangu klabu imsimamishe mwanao Ellis. Sikulaumu hata kidogo.

Kazi yangu unaijua. Ujana wangu wote niliumalizia uwanjani kwenye raga, nikisukumana kwenye skramu, nikivunjwa pua na kuwavunja wengine, na nilipostaafu wenzangu wakasema kwa kuwa mdomo ninao, basi niwe nawasemea kwenye chama cha wachezaji. Nikadhani ndani ya chama nitagombana na wenye klabu tu. Kumbe wachezaji wenyewe ni kazi nyingine! Ule mtihani wa akili tuliougombania, anaofanya kila mchezaji kabla ya msimu ili akigongwa kichwa apimwe tena walinganishe, vijana wanaufeli makusudi. Wanajifanya wamesahau maneno, wanabonyeza vitufe kivivu, ili siku wakigongwa kweli waonekane wako vilevile. Nimewakuta chumba cha kubadilishia nguo wakitambiana nani kapata alama mbovu zaidi. Mmoja akasema kwa alama zake hata kuku angempita. Walicheka, na mimi nikacheka nao, Mungu anisamehe.

Ellis naye ni wao. Aliniambia mwenyewe baada ya Pasaka, tumekaa garini tunakula samaki na chipsi. Alisema kila msimu anaufeli, na kwamba siku hizi taa zinamuumiza macho, na kwamba juzi alipotea njia akitoka mazoezini kuja kwako, njia anayopita tangu utoto. Kisha akasema, "Mjomba, hayo nimemwambia mtu wa chama, mama asiyasikie." Nikamwahidi.

Baada ya hapo daktari akampima upya kwa mashine, akamwambia mpira basi, na klabu ikamsimamisha. Najua ulimkuta yule mama daktari kwenye foleni ya pai uwanjani ukamwita mbea mbele za watu, ukamwambia amemnyang'anya mwanao maisha. Amenisimulia mwenyewe, wala hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni. Jumanne rufaa inasikilizwa, na Ellis amekuja ofisini kuomba mimi ndiye nimtetee. Alinikumbatia, jamani, akasema bora ana mjomba.

Glenys, ni mimi niliyemwambia daktari. Nilimpigia asubuhi iliyofuata. Nikamwomba asitaje jina langu, maana kiongozi wa chama akimchongea mwanachama wake hana pa kuuweka uso, na yule mama akanyamaza, akabeba matusi yenu yote peke yake. Nilipompigia nilikuwa nimetoka kwako. Wewe ulikuwa dukani, Trevor akanifungulia mlango, akaniuliza kwa adabu namtafuta nani. Nimesukumana naye bega kwa bega kwenye skramu miaka yote ile, na hakunijua! Niliketi jikoni kwako nikalia.

Kwa hiyo Jumanne sitasimama upande wa Ellis. Nitasimama upande wa daktari, niseme yote, halafu niwarudishie funguo za ofisi. Kesho nitamwambia Ellis mwenyewe, kabla hajasikia kwa wengine. Najua nilimwahidi, na ahadi nimeivunja, na nikirudishwa garini pale nitaivunja tena.

Atakuja kwako na hasira zake. Mpe chakula, usimtulize. Na wewe ukitaka kunifungia mlango, funga. Mwache anitukane leo, anitukane mwakani, anitukane akiwa na mvi, ilimradi awe anajua ni mimi anayemtukana.

Nisalimie Trevor, umwambie ni Barrie, hata kama itabidi umwambie tena.

Ndugu yako akupendaye,
Barrie