Mwaka Mzima Bila Kufukuzwa Uwanjani

Jumatatu, 8 Agosti 1983

Verna,

Leo nina habari, na sina wa kumwambia ila wewe. Todd Ashworth amekuja hapa Corliss. Humjui – aliajiriwa Machi, baada yako. Ndiye anayesimamia sasa timu zote ndogo za besiboli za klabu. Ana miaka thelathini na mitatu. Mfuko wa shati ambamo wenzake wa zamani walitia sigara, yeye katia kikokotoo.

Aliyoniambia kwa ufupi ni haya. Kule juu, kwenye timu kubwa, meneja ataachishwa kazi kabla mwezi haujaisha. Wanamtafuta wa kumalizia msimu, na huenda akabaki mwaka ujao. Majina ni mawili. La kwanza ni Dale Lasko, anayeongoza timu yetu ya Texas – miaka thelathini na sita, nywele kama za mtangazaji wa televisheni. La pili ni langu.

Langu! Nilidhani amekuja kunistaafisha. Nilikuwa nimeshafikiria nani nimwachie kile kiti changu kibovu.

Atakaa mpaka Jumapili akinitazama. Kasema nisimwambie mtu. Sijamwambia mtu. Nimekuambia wewe.

Jumanne, 9 Agosti

Wachezaji wote wanajua. Mfua jezi alimsikia Ashworth kwenye simu, akamnong'oneza Skwarek, mdakaji wetu. Na kumnong'oneza Skwarek ni sawa na kupiga mbiu sokoni.

Leo wamegeuka malaika. Wamechomekea jezi. Beltrán, mrushaji wetu bora, ambaye siku zote hutema maganda ya alizeti popote yanapoangukia, leo alizunguka na kikombe cha kutemea. Skwarek alimwita Ashworth "bwana mkubwa" mara tatu. Nikawaambia wakiendelea na upole huu watu watadhani hapa kuna msiba.

Wakatazama viatu vyao.

Nilikuwa nimesahau, Verna. Kwa dakika moja hivi, nilisahau mimi, si wao. Sijui kama nikuombe radhi au nikwambie ili ufurahi.

Tumefungwa saba kwa moja. Malaika hawajui besiboli.

Jumatano, 10 Agosti

Mvua. Hakuna mchezo. Ashworth aliniita tunywe kahawa, akaniomba nimweleze njia yangu ya kazi, ingawa faili analo mbele yake. Nikamweleza. Mwana wa kinyozi wa Kentucky. Mdakaji tangu mwaka 1946, nikiwa na miaka kumi na tisa. Miaka minane ya kuchuchumaa nyuma ya wapigaji, magoti yakaanza kulia kama bawaba. Kidole hiki kikavunjika mara ya tatu, wakaniambia basi, kamata timu uiongoze – ile ya Macklin, ngazi ya chini kabisa, ambako siku ya kwanza watazamaji walikuwa kumi na mmoja, wewe mmojawapo, na mbwa. Halafu Dubree. Halafu juu kidogo. Halafu chini tena, kwa sababu mwenye timu alitaka kazi apewe mkwewe. Halafu juu. Miaka ishirini na tisa ya umeneja, miji kumi na minne, napanda na kushuka kama ndoo ya kisimani. Vijana themanini na watatu wamepita mikononi mwangu wakaenda ligi kuu. Mimi sijafika hata kwa siku moja. Hata kama mchezaji wa kujazia benchi.

Sikumweleza habari ya mapazia. Yale ya maua ya njano, uliyoyafungua na kuyafunga upya katika kila nyumba ya kupanga. Macklin yalifagia sakafu. Dubree yaliishia magotini. Ulisema nyumba zote zimejengwa vibaya, mapazia yako hayana kosa. Yapo dirishani hapa. Marefu kidogo upande wa kushoto.

Kisha Ashworth akaweka kalamu. Akaniuliza mwaka huu nimefukuzwa uwanjani mara ngapi.

Nikasema sijafukuzwa.

Akasema anajua, na hilo ndilo linalowatia wasiwasi kule juu. Lasko amefukuzwa mara tisa. Wachezaji wanapenda meneja anayewapigania kwa mwamuzi mpaka atolewe nje, hiyo huwasha timu nzima. Mimi zamani nilikuwa na moto. Sasa nasimama pembeni kama mtu anayengoja basi. Hakusema kwa ubaya. Alisema tu wanaogopa moto umezimika.

Mara sitini na moja, Verna. Wewe ndiye uliyekuwa ukihesabu. Ulisikiliza redioni, na ukisikia nimetolewa unaweka viazi jikoni papo hapo, maana unajua leo nitawahi. Nafika nyumbani bado nafoka, viazi viko tayari. Huwezi kufoka na kiazi cha moto mdomoni.

Labda ndiyo sababu. Nikitolewa mapema sasa, nakwenda wapi?

Alhamisi, 11 Agosti

Nimeamua kufukuzwa.

Waamuzi wapya wamefika, watakuwa nasi mpaka Jumapili. Nyuma ya mpigaji leo alisimama Lyle Hostetter, kijana wa miaka ishirini na sita, masikio yamekaa kando kama mishikio ya sufuria. Katika mzunguko wa nne alisema mpira wa Beltrán umepita nje ya eneo la mpigaji. Ulikuwa ndani, au karibu. Nikatoka bila haraka, nikamwambia macho yake ayapeleke kwa fundi. Nikamwambia nimeona fuko wanaoona vizuri zaidi. Nikapiga teke vumbi likatua kwenye viatu vyake, ambavyo alikuwa amevipiga rangi vizuri.

Aliningoja nimalize. Kisha akainama karibu na sikio langu.

"Pole sana na mke wako, Bwana Tackett," akasema. "Nenda kakae ukiwa tayari."

Nikaenda nikakaa. Ningefanya nini?

Ijumaa, 12 Agosti

Leo Hostetter alisimamia kituo cha kwanza cha wakimbiaji. Nilimfuata huko. Nilivua kofia nikaibwaga chini kwa nguvu zangu zote. Aliiokota, akaikung'uta vumbi, akanirudishia kwa mikono miwili.

Skwarek anasema kwenye benchi walijifunika taulo usoni. Sijui ni kwa kucheka au kwa nini. Ashworth aliandika kitu kirefu.

Jumamosi, 13 Agosti

Asubuhi nilikwenda kwenye mashine za kufulia za mtaa wa reli. Bado sijui sabuni kiasi gani. Povu lilitoka chini ya mlango. Mtu akaja na ufagio bila kuulizwa – ni Hostetter, anafua mashati yake ya buluu. Meneja na mwamuzi hawapaswi kuonekana pamoja, lakini povu halina kanuni.

Tulikaa kwenye benchi tukitazama nguo zikizunguka. Yeye pia ana ngazi yake, kumbe. Miaka mitano anazunguka miji midogo ndani ya gari moja na wenzake wawili wanaokoroma. Kesho mkaguzi wa waamuzi anakuja kumtazama, mzee mmoja mwenye fimbo. Mara ya mwisho mkaguzi huyo alimwandikia kwamba anaona vizuri ila hana ubavu. Msimu mzima hajamtoa mtu yeyote nje. Akiandikiwa hivyo tena, kazi imekwisha, anarudi Ohio kwenye duka la rangi la mjomba wake.

Nikamwuliza mbona basi hakunitoa mimi, wakati nilimpa sababu mbili nzuri.

Akasema hawezi kumfukuza mfiwa. Mama yake angesikia.

Tukacheka mpaka mwanamke mwenye mtoto akahamia benchi ya mbali. Sikumwambia habari yangu na Ashworth. Hata hivyo nadhani aliijua. Wote wanaijua. Skwarek anafua palepale.

Hatukupanga chochote. Nataka uelewe hivyo. Tulikunja nguo, tukaagana. Soksi zangu zote zimekuwa rangi ya waridi.

Jumapili, 14 Agosti

Naandika nikiwa kwenye chumba cha kubadilishia, bado nimevaa jezi. Mchezo unaendelea huko nje. Nasikia miguu ya watu juu ya dari. Mimi nimefukuzwa.

Ngoja nianze mwanzo, kabla mlango haujafunguliwa.

Mchana wa jua kali, watu kama elfu tatu. Ashworth nyuma ya wavu, kikokotoo mfukoni. Safu mbili juu yake, mzee mwenye fimbo. Mzunguko wa sita tumefungana mbili kwa mbili. Skwarek – ambaye hukimbia kama mtu aliyebeba jokofu – akaja mbio kutoka kituo cha tatu atupatie pointi, mpira ukaja, vumbi likafumka. Hostetter akatoa ngumi: mkimbiaji yuko nje, hakuna pointi.

Alikuwa nje, Verna. Nje kabisa. Niliona vizuri kuliko yeyote. Nikatoka hivyohivyo.

Nilikwenda mikono imetanuka, kifua kwa kifua. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba ameona sawasawa, asiwe na shaka. Naye akaninyooshea kidole mpaka chini ya pua, mishipa ya shingo imesimama, akasema ahsante, alikuwa anaogopa amekosea.

Watu wakapiga kelele. Nikapiga teke vumbi.

"Endelea kusema, Bwana Tackett," akasema, uso umemkunjamana kwa hasira isiyokuwepo. "Sema chochote. Mzee anatazama."

Kuna neno moja ambalo ukimtamkia mwamuzi unatoka papo hapo, halina mjadala. Unalijua. Ulinikataza nisilivushe kizingiti cha mlango wako. Nililitafuta. Miaka thelathini lilikuwa hapa kwenye ncha ya ulimi, leo halipo! Nikasimama na mdomo wazi mbele ya watu elfu tatu. Kitu cha kwanza kilichonijia ni pai yako ya mapichi.

Basi nikampigia kelele pai. Nikamwambia, huku napunga mikono kama kinu cha upepo, kwamba siagi lazima iwe baridi. Kwamba unga ukiukanda sana umeuua. Kwamba mapichi yaliyopondeka kidogo ndiyo matamu, na mtu yeyote anayenunua yale ya kopo ni mwizi. Mate yaliruka. Hostetter akafoka, akanikaribia mpaka kofia zetu zikagongana, akauliza sukari kiasi gani.

"Nusu kikombe," nikapiga kelele. "Nusu tu. Verna hapendi tamu sana."

Likatoka hivyo. Hapendi.

Tangu Februari sijalitaja jina lako uwanjani. Hapa ndipo nilipolitaja, nikiwa nimemnyooshea mwamuzi kidole. Nilitaka kuendelea na habari ya mdalasini. Nikajua usoni mwangu kunatokea nini, na kwamba karibuni benchi yangu itaona, na ya wageni, na safu zote mpaka ya juu.

Hostetter aliona kabla yao. Alipiga hatua moja upande, akanikinga na mgongo wake, akainua mkono juu kabisa na kuushusha kama mtu anayepasua kuni. Nje! Uwanja mzima ukasikia. Elfu tatu wakasimama. Beltrán akatupa kikombe chake cha maganda uwanjani, Skwarek akatupa glovu, mtu fulani akatupa ndoo. Nilitembea kwenda kwenye kibanda cha benchi yetu nimeinamisha kichwa, na watu wakapiga makofi kwa ghadhabu ile kubwa ya Tackett wa zamani.

Nadhani wengine hufukuzwa kwa adhabu. Mimi kijana yule alinifukuza ili nipate pa kulia.

Nililia. Imekwisha sasa. Nimenawa.

Ndipo Ashworth akashuka. Alisimama mlangoni, tai imelegea, mara ya kwanza kumwona hivyo. Akasema meneja wa timu kubwa ameachishwa leo asubuhi, na wakubwa wako kwenye simu wanangoja neno lake sasa hivi, yeye na si mtu mwingine. Akasema ana swali moja tu, na nimjibu kweli. Yale ya uwanjani yalikuwa maigizo kwa ajili yake, au niliyamaanisha?

Nilimfikiria Hostetter na duka la rangi. Niliifikiria ile siagi.

"Kila neno," nikamwambia.

Akaingia ofisini kwangu, akafunga mlango. Ukuta ni mbao nyembamba. Nimemsikia akizungusha namba. Nimemsikia akitaja jina la Lasko, kisha jina langu. Akasema, hapana, hapana, nimemwona kwa macho yangu. Akasema, sikilizeni. Halafu uwanja mzima ukalipuka juu ya kichwa changu – nadhani Beltrán amewanyima pointi, au tumepata moja – na sijasikia tena neno hata moja.

Bado wanapiga kelele. Bado anaongea, kivuli chake kinaonekana kwenye kioo cha mlango, mkono unapanda na kushuka. Nimengoja miaka thelathini na saba, na hizi dakika ndizo ndefu kuliko zote. Wakinichukua, ni timu ya watu wasionijua, katika jiji ambalo hukuwahi kutundika pazia. Wasiponichukua, ni mapazia haya na mimi. Kwa vyovyote nitataka kukimbia nyumbani nikakwambie, na ndiyo maana naandika upesi hivi.

Simu imewekwa chini. Anakuja.

Verna, huko uliko, nikumbuke.