Mama Mkwe Anamshukuru Mungu na Kumshitaki Dereva

Shangazi Concepta, shikamoo. Nakuandikia kutoka Samburu ya Kinango nikiwa nimechanganyikiwa, tafadhali nishike mkono kabla ya Jumapili. Mimi ni mjane, mume wangu Tsuma aligongwa na lori la mchanga akivusha mbuzi barabara kuu, na dereva si mgeni, ni Kitsao tunayesali naye kanisa moja, yule mwenye sauti nzito kwenye kwaya, na asubuhi ile fundi alikuwa amemwambia breki zimekwisha naye akajibu, "Mungu atatufikisha," akawasha gari. Siku ya mazishi mama mkwe wangu, Mama Jumwa, alisimama mbele ya jeneza akatoa ushuhuda kwamba siku za mwanawe zilikuwa mkononi mwa Mungu tangu hajazaliwa, na kwamba anashukuru kwa zote alizompa, tukalia kanisa zima, nami nikasema moyoni, laiti ningekuwa na imani kama hiyo; lakini kesho yake, Shangazi, alishika mkongojo wake akaenda kituo cha polisi kuuliza Kitsao atasomewa mashitaka lini, na jioni akanituma nipeleke maziwa kwa mke wa Kitsao aliyejifungua majuzi!

Sasa wazee wa kanisa wamekuja nyumbani wakiongozwa na Mzee Elkanah, wakamwambia, "Mama, ulikiri kwa kinywa chako kwamba huu ni mpango wa Mungu. Sasa unamshitaki nani, Kitsao au Mungu?" Mama akawajibu kwa upole, "Siku ya mwanangu ni ya Mungu, wazee wangu. Breki ni za Kitsao." Wakanigeukia mimi niliye mjane, wanataka Jumapili nisimame niseme familia imesamehe na kesi iondolewe. Nampenda mama huyu kuliko ninavyoweza kueleza, ila naogopa. Nikikataa, je, nitakuwa nashindana na mapenzi ya Mungu? Na nikikubali, nitamtazama vipi usoni?

Viola, Samburu

Marahaba, Viola mwanangu, na pole, pole sana kwa msiba. Barua yako nimeirudia, na safari ya pili ilikuwa ya kumfurahia huyo mama tu. Wengi wanaoniandikia wameshika upande mmoja: huyu kila kitu ni Mungu, yule kila kitu ni binadamu. Mama Jumwa ameshika pande zote mbili, tena akiwa na msiba kifuani, wala hajaangusha hata mmoja. Namvulia kilemba.

Sasa wewe nikukaripie kidogo. Unaishi naye nyumba moja, umemwona akishukuru, akishitaki, na kutuma maziwa, halafu bado unaniuliza mimi wa mbali imani iko wapi? Fungua macho! Wazee wako wanasema yale yale aliyosema Kitsao mbele ya fundi: wanalitaja jina la Mungu pale mtu alipopaswa kufanya kazi yake. Na onyo la fundi je, lenyewe halikuwa katika mpango wa Mungu? Mungu kutawala hakumgeuzi Kitsao kuwa mzigo ndani ya lori lake. Usukani aliushika yeye. Siku Mzee Elkanah atakapoibiwa mbuzi nitapenda kumsikia akimwambia mwizi aende kwa amani, ni mpango.

Basi Jumapili usisimame. Kesi iache mahakamani, na siku ya kusomwa nenda na Mama, ukae karibu naye. Maziwa yaendelee, maana mtoto mchanga hakuendesha lori. Na wazee wakirudi, wapokee kwa heshima, wape chai, kisha waambie wamlete Kitsao. Asisemewe na mtu. Aketi mbele ya Mama, aseme mwenyewe, "Niliambiwa, nami nikaondoka." Nadhani hata yeye anaumia na neno hilo, na mpaka leo hakuna aliyempa nafasi ya kulitamka.

Nanyi nyote hapo hamjamwelewa mama huyo. Hatafuti kisasi, Viola. Anatafuta mtu wa kumsamehe, na mkimwambia kwamba aliyefanya ni Mungu peke yake, mnataka amsamehe nani?